Mwaka Niliokaa Dirishani

Simu ile ilipitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya mandazi. Ilikuwa baada ya ibada, hapa Kitengela, tumekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa tukinywa chai, na mwenye simu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja na kamera shingoni. Alijitambulisha kwamba anaitwa Wairimu, binti wa marehemu Njenga aliyekuwa na studio ya picha Kajiado mjini zamani. Alisema baba yake alifariki mwaka jana, na walipokuwa wakihamisha vitu vyake walikuta maboksi ya filamu za watu aliowapiga picha enzi zake: wenye maduka, askari, walimu, wafugaji waliokuja siku ya soko, maharusi. Sasa alikuwa akiwatafuta walio hai ili awapige tena, kila mtu na picha yake ya ujana ubavuni. Aliambiwa wengi walihamia huku Kitengela viwanja vilipoanza kukatwa. Akina mama walifurahi. Walicheka suruali za miguu mipana na nywele zilizochanwa kama kiota, wakamtambua huyu, wakabishana juu ya yule. Mimi niliacha kunywa chai pale pale jina la Njenga lilipotajwa.

Simu ikanifikia. Bibi harusi peke yake, ameketi kwenye kiti cha mbao, shela imeangukia mabegani, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hayako popote Kajiado. Nilimwangalia kwa muda ule ambao mtu humwangalia mgeni, nikasema, "Huyu simjui," nikampa simu jirani yangu. Jirani aliisogeza mbali, akaileta karibu, halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Lakini huyu si Mwende?" Mwende ni binti yangu, na wakati huo alikuwa mezani akimimina chai. Wakamwita, wakaiweka simu kando ya shavu lake, na hapo hakuna aliyehitaji miwani. Lilikuwa paji lile lile, shingo ile ile, hata sikio moja lililochomoza kuliko lingine. Watu walicheka kwa wema. Mwende hakucheka. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kumimina chai. Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani aliniuliza kitu kimoja tu: "Mum, siku hiyo baba alikuwa wapi?" Nikamjibu kwamba baba yake alikuwa bado hajaniona. Hakuuliza tena, na mimi nilishukuru, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanawaka moto kama yalivyowaka mwaka mzima nikiwa msichana, na sikujua kwamba moto ule ungeweza kunirudia katika umri huu, nikiwa nyanya wa watu na mwenyekiti wa akina mama kanisani.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikifanya kazi kwenye hoteli ya Mama Ndinda, Kajiado. Hoteli ilikuwa chumba kimoja chenye meza sita na benchi, na nyuma yake jikoni pa mabati palipokuwa na jiko la kuni lisilozimwa. Kati ya jikoni na mezani kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, kama cha posta. Mimi nilipewa chumba uani, ukuta mmoja na jikoni, hivi kwamba hata nikilala nilikuwa nanuka mafuta ya chapati. Nilikipenda. Kilikuwa chumba cha kwanza maishani mwangu chenye kufuli ambayo ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Wateja wetu wengi walikuwa vijana wa machimbo ya mawe meupe nje ya mji, waliingia saa za chakula wakiwa weupe kuanzia nywele hadi viatu, kama watu waliopakwa unga, wakaacha alama za mikono kwenye meza zetu. Mmoja wao tu ndiye aliyeingia akiwa na rangi yake. Huyo alikuwa Muthoka, karani wa machimbo, na kazi yake ilikuwa ya ofisini. Siku ambazo Mama Ndinda alipika muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Muthoka alikula taratibu kuliko wengine, na alipomaliza hakuiacha sahani mezani, aliirudisha mwenyewe hadi kwenye kidirisha na kusema, "Asante, Kalekye." Watu wananiuliza siku hizi, wasichana wa kanisani hasa, mtu anajuaje kwamba amependa. Mimi nilipenda kwa sababu ya sahani iliyorudishwa. Sitadai kulikuwa na kubwa zaidi.

Wazee walionana, mbuzi wakaliwa, siku ikawekwa. Gauni niliazimwa na dada mmoja wa kanisa. Njenga, ambaye studio yake ilikuwa ng'ambo ya barabara mkabala na hoteli yetu, alishauri nije kwake asubuhi kabla ya kanisa, nipigwe peke yangu gauni likiwa bado safi, kwa sababu upepo wa Kajiado ukishaanza hakuna kinachobaki cheupe. Picha ya wawili angeipiga baadaye. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kuinama kama anayeingia mlango mfupi hata akiwa nje. Aliniketisha, akarudi nyuma, akaja tena kunisogeza kidevu kwa kidole kimoja. Akaniambia nifikirie kitu kizuri lakini nisicheke. Mimi nikafikiria sahani inakuja kwenye kidirisha. Ndiyo maana picha ile ina uso ule ilio nao. Ningekuwa nimelia ndani yake, au hata nimenuna, ningeweza kuivumilia baadaye. Kilichoniua ni kwamba nilikuwa na furaha, na furaha ile ilionekana wazi kabisa, kama kitu mtu anachokisahau juu ya kamba ya nguo mvua ikija.

Muthoka alikuwa amekwenda kwao kuchukua wazazi na angerudi nao asubuhi hiyo. Hakurudi. Kwaya iliimba nyimbo zote ilizojua, ikarudia za kwanza. Mchungaji alitoka, akaingia, akatoka. Mtu alitumwa barabara kuu kuangalia magari yanayotoka Athi River, akarudi akamnong'oneza Mama Ndinda. Jua lilipopinduka, mchungaji alisimama akasema tuombe. Baada ya sala watu hawakujua waende wapi. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na pilau ya watu wengi hivyo haiwezi kutupwa, basi wakala, kwa utulivu, kama watu walio matangani. Mimi nilikuwa nimewekwa kwenye kichumba cha nyuma ambamo mchungaji huvalia joho. Mtu aliniletea sahani. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake, na nitasema ukweli, nilikula. Nilikula yote, nikiwa na gauni, nimetandika leso juu ya mapaja lisije likachafuka gauni la watu. Nje ya dirisha wanawake walikuwa wakisugua sufuria. Mmoja akauliza, "Amekula?" Mwingine akajibu, "Amemaliza." Sufuria ikageuzwa, halafu yule wa kwanza akasema, "Basi huyo hata hakumpenda." Nimezika mume, nimezika mtoto mmoja, nimesikia mengi ya kuumiza katika maisha haya. Maneno yale bado nayasikia ninapomaliza sahani mbele ya watu, na mpaka leo huwa nabakisha kidogo.

Wiki chache baadaye Njenga aliitundika picha dirishani. Aliikuza, akaitia fremu, akaiweka katikati, ikazungukwa na picha ndogo za vipande, zile za vitambulisho, na za watoto wa ubatizo. Studio yake ilikuwa ndiyo pekee mjini iliyokuwa na kioo kizima, na kila aliyepita barabara ile alisimama. Mara ya kwanza niliiona nikiwa nimebeba sinia la chai, na sikuiangusha. Nililiweka mezani, nikarudi jikoni, nikakaa juu ya gunia la makaa. Tangu siku hiyo Mama Ndinda alimpa msichana mwingine kazi ya mezani. Nikawa mtu wa jikoni. Lakini kidirisha kilikuwa pale, na maneno hupita mahali ambapo sahani inapita. "Ndiye huyo?" "Ndiye. Anapika hapo nyuma." "Na vile ametulia, hajui." "Hajui kabisa, maskini." Walisema bila ubaya, midomo imejaa chapati. Neno lile "hajui" ndilo nililosukumia unga, ndilo nililokorogea ndengu. Msichana wa dirishani hakujua, na mji mzima ulikuwa unajua, na kila siku ulikuja kumwangalia asivyojua.

Nilianza kupitia nyuma. Nikitumwa mafuta ya taa nilizunguka kwa reli, nikatembea kwenye mawe ya reli hadi upande wa pili wa mji, safari ya kuvuka barabara ikawa ya nusu ya asubuhi. Kanisani nilikaa benchi ya mwisho, kisha nikaacha kwenda. Nyumbani sikuweza kurudi kwa sababu mbuzi walishaliwa huko, na kila aliyekula angenitazama. Nilidhani wakati huo kwamba nilikuwa namwonea Muthoka uchungu au hasira. Sasa nikiwa mzee naona kwamba Muthoka hakuwa na nafasi kubwa katika siku zangu. Siku zangu zilikuwa za yule msichana wa kwenye kioo. Nilimchukia. Nilitaka ashushe macho. Aibu ni kitu cha ajabu: haiulizi nani alikosa, inamtafuta aliyeonekana. Muthoka alikosa, lakini hakuna aliyemwona, basi aibu ikaja kwangu mimi niliyekuwa nimeketi wazi, nimevaa nyeupe.

Maziwa yetu yaliletwa na mama mmoja wa Kimaasai, Yieyo Nashipai, aliyetembea na mitungi yake kutoka upande wa vilima kabla joto halijaanza. Tulisalimiana kila asubuhi, yeye "Takwenya," mimi "Iko," na zaidi ya hapo hatukuwa na mengi. Asubuhi moja alichelewa mlangoni, na niliponyoosha shingo nilimwona ng'ambo, amesimama mbele ya kioo cha Njenga na mitungi mgongoni. Alipovuka alinitazama usoni, akatazama nyuma, akanitazama tena.

"Wewe uko?" akaniuliza.

Nikamwambia niko. Akasema amewaona watu wa kanisa wakibeba picha kubwa ya mtu namna hiyo, yenye mbao pembeni, na mara zote huyo mtu alikuwa amekufa. Sasa yeye alikuwa amesikitika njia nzima ya kuvuka barabara, halafu anakuta marehemu anapokea maziwa. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na kicheko kikageuka katikati, nikalia nimeshika mtungi wake. Yieyo Nashipai alinisubiri nimalize kwa sababu mtungi ulikuwa wake na alikuwa na nyumba nyingine za kupeleka. Kisha akasema, "Enda mwambie atoe. Mdomo si uko nayo." Akaondoka.

Nilikwenda siku hiyo hiyo mchana, nikiwa na aproni. Ndani ya studio kulikuwa na joto na harufu ya dawa za kusafishia picha, na Njenga alikuwa mezani akikata picha za vipande kwa makasi. Nilimwambia nilichokuja kusema, nikitazama makasi. Alivua miwani. Hakukasirika wala hakujitetea. Alionekana tu kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua aliyoifurahia ilikuwa imebomoa nyumba ya jirani. Akasema kwamba amepiga watu wa mji ule tangu akiwa kijana, na wote, matajiri kwa maskini, humwangalia kama wanaangalia askari. "Wewe peke yako hukuniona," akaniambia. "Ulikuwa unaona kitu chako. Sijawahi kupata nyingine kama hiyo, Kalekye." Alisema kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonichanganya, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa dharau. Akaishusha kutoka dirishani, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaninyooshea. Ni yako, akasema, ichukue. Nikafikiria chumba changu, ukuta juu ya kitanda, yule msichana akinitazama asubuhi na jioni na furaha yake. Mikono yangu haikuinuka. Nikasema sitaki. Njenga aliingojea mikono yangu kidogo, kisha akairudisha mahali pake, polepole, akinipa nafasi ya kusema neno. Nilitoka, na tangu siku ile picha ilikuwa dirishani kwa ruhusa yangu. Hapo ndipo aibu ilipozidi, kwani kabla ya hapo ningeweza kusema nimefanyiwa.

Kilichoniokoa ni jua. Dirisha lile lilitazama magharibi, na mwaka ule mvua ilikosa, alasiri zilikuwa ndefu na nyeupe. Picha ikaanza kupauka. Kwanza maporomoko ya maji yalipotea, halafu mikono, halafu nikaona kwamba watu wanasimama kwa muda mfupi zaidi. Nilianza kuvuka barabara mchana kweupe ili kuangalia jinsi ninavyofutika. Mwishowe palibaki gauni, na juu ya gauni kitu kama ukungu chenye sikio moja. Siku Njenga alipoiondoa na kuweka timu ya mpira, nilifunga vitu vyangu. Mama Ndinda alinipikia muthokoi, akaniwekea kwenye mkebe, akanisindikiza hadi barabara kuu akiongea juu ya kuni, na gari lilipofika akaniambia tu nisikae nyuma. Nilishuka Kitengela, wakati huo ikiwa maduka machache na uwanda wenye pundamilia, kwa sababu nilisikia shule moja inatafuta mpishi. Huko ndiko Mutinda alikoniona. Kabla hatujaoana nilimweleza kila kitu, tukiwa tumesimama kando ya ua wa shule, na alisikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa, nimesikia." Hatukuizungumzia tena hadi nilipomzika. Tulioana kwa karani wa serikali, na mimi nilivaa sketi ya kijani. Hakuna aliyetupiga picha, nilikataa. Watoto walipouliza picha za harusi ziko wapi, niliwaambia ziliungua. Uongo huo mdogo niliuzoea kabisa, hadi siku Wairimu alipokuja na simu yake.

Alinipigia mwenyewe, wiki ile iliyofuata. Mwende alikuwa amempa namba, akaniomba msamaha baadaye. Wairimu alinieleza kwamba ataweka picha zote, za zamani na mpya, katika ukumbi mmoja Kajiado, na kwamba ile ya bibi harusi ndiyo baba yake aliyoitaja hadi siku zake za mwisho. Nikamwuliza kama anajua habari yake. Akasema anajua. "Mama, ukisema nisiweke, sitaweka," akasema. "Baba aliweka bila kukuuliza. Mimi nakuuliza." Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Mwende alikuwa ameketi mkabala nami akimenya viazi, hajainua macho, na kisu chake kilikuwa kimesimama. Nikamwambia Wairimu nitakuja siku hiyo nimjibu uso kwa uso. Halafu nikamwambia binti yangu yote, jinsi nilivyoyaandika hapa, hata pilau. Aliposikia habari ya pilau aliweka kisu chini, akaja akakaa karibu nami, akasema, "Mum, ulikuwa na njaa." Tukamaliza viazi.

Siku ya kwenda aliendesha yeye. Barabara ya Namanga siku hizi ni nyumba na kuta mpaka unasahau ni nyika. Ukumbini picha zilikuwa zimesimamishwa ukutani, watu wa zamani wakubwa kama milango, na wenyewe, waliobaki, wakitembea mbele yao kwa fimbo na kwa vicheko. Moja ilikuwa imegeuzwa uso ukutani. Nilielewa ni ipi na nikaenda nje. Uani Wairimu alikuwa ametundika shuka nyeupe, anawapiga wazee mmoja mmoja, na wengine tulingoja kwenye benchi. Mwende alikwenda kutafuta maji. Nilikaa kando ya mzee mmoja mwenye kofia na sweta ya kijivu, ambaye alinisogezea sahani ya mandazi kabla sijakaa vizuri. Alikuwa mzungumzaji. Alisema anakaa Bisil, ana duka la dawa za mifugo, mke wake aliaga miaka mitatu iliyopita, magoti ndiyo yanamsumbua. Nilimpenda, kusema kweli, jinsi unavyompenda mtu wa kungoja naye. Akasema yeye Njenga alimpiga picha ya kipande tu, wakati akiwa karani wa machimbo.

Nilikuwa na andazi mkononi. Nililitazama. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilikuwa na maneno niliyomtayarishia mtu yule; niliyabadilisha nikiwa na mimba, nikayabadilisha kanisani, nikayanoa nikifua. Sasa nilimtafuta ndani ya uso wa mzee huyu na sikumpata, na yeye hakuwa akinitafuta kabisa. Alikuwa ananitazama kwa adabu, mama mnene wa kitambaa kichwani.

"Na wewe, mama, ulikuwa wapi hapa mjini?" akaniuliza.

"Nilipika kwa Mama Ndinda."

Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Sauti yake ikashuka. "Hapo kulikuwa na msichana, anaitwa Kalekye. Sijui kama mlikuwa pamoja. Nimeuliza watu wengi, wengine wanasema alikufa, wengine wanasema aliolewa Mombasa. Unajua alienda wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimelisema mara moja tayari, kwenye viti vya plastiki, na nilijua linavyokaa mdomoni.

"Alienda Kitengela," nikasema. "Ni mimi, Muthoka."

Alinitazama. Nadhani aliona sikio. Akasema siku ile alifika Isinya, na wazazi wake, na suti, na akashuka, akawaambia anakwenda haja, akatembea tu nyuma ya maduka na kuendelea hadi alipofika pasipo na watu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema aliogopa. Nikamwuliza aliogopa nini, na hilo nililiuliza kwa nguvu, ni swali la kweli, nilistahili jibu. "Hata leo sijui," akasema, "na wewe ulikuwa unaningoja." Kisha akaanza kulia.

Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa jicho moja na leso. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka, kamasi zikimtoka, kofia ikaanguka ikabingirika chini. Mazungumzo uani yalikatika. Watu waligeuka, benchi nzima, akina mama wa chai, vijana waliokuja na babu zao. Wakawa wanaangalia kwa uso ule ninaoujua, usio na ubaya ndani yake, uso wa watu wanaosimama mbele ya kioo. Na Wairimu, kule kwenye shuka yake, aliinua kamera. Simlaumu. Ni damu ya baba yake. Aliona mtu ambaye hamwoni mpiga picha.

Sijui niliinukaje, na magoti haya. Najua nilisimama mbele ya Muthoka, nimempa mgongo, nikaifungua shali yangu nikaishika pande zote mbili kama mtu anayemkinga mtoto anayeogeshwa nje. Masikio yangu yaliwaka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi sasa. Nikamwambia Wairimu, "Huyu usimpige."

Akashusha kamera pale pale. Mwende alirudi na chupa ya maji, akatazama mzee asiyemjua analia nyuma ya mama yake, na bila kuuliza akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, tukawa wawili. Wairimu alitusogelea. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anaomba radhi, na kwamba ile ya ukutani ataiacha ilivyo, imegeuka, asinisumbue.

"Igeuze," nikamwambia. "Na uandike jina."

Nyuma yangu Muthoka alikuwa bado hajamaliza. Mikono ilianza kuniuma, lakini sikuishusha shali.